Karatasi Moja ya Mama Monitrisi

Alikuwa akitembea kama mtu anayefukuzwa, na mara nyingine alikuwa anafukuzwa kweli. Ukimwona asubuhi pale Ndosho, mtaa wetu wa Goma, mkoba mweusi kwapani, viatu vya plastiki vimejaa vumbi la mawe ya volkano, hukumwita asimame. Uliongeza mwendo ukamfikia, ukamsalimia mkienda, naye akakujibu mkienda, na mazungumzo yakaishia pale njia zenu zilipoachana. Kanisani alikaa benchi la mwisho. Mchungaji alipomuuliza kwa nini asisogee mbele kama mama wa umri wake, alijibu, "Mungu ananisikia ata hapa pa mulango. Na mimi nasikia inje."

Nje kulikuwa na mengi ya kusikia miaka ile.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake. Kumuuliza mtu wa Goma swali hilo wakati ule ilikuwa kama kumuuliza yuko upande gani, na yeye hakuwahi kuniuliza mimi. Tulimwita Mama Monitrisi, kwa sababu monitrisi ndilo jina la yule mwalimu anayesimama nyuma ya wanafunzi wa uuguzi wodini na kuwatazama mikono. Kazi hiyo aliifanya katika shule ambayo vita viliifunga, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Shule ilipokufa kabisa jina lilibaki kwake. Hata walinzi wa benki walimwita hivyo.

Nilimfahamu nikiwa kwenye mstari. Nilikuwa nimeshuka kutoka Masisi na mama yangu na godoro moja, na nyumba yetu huko nyuma ilikuwa imeungua pamoja na diplome yangu ya uuguzi. Mugunga, kambi ya wakimbizi nje ya mji, ilikuwa imejaa watu wagonjwa, mashirika ya misaada yalikuwa yanatafuta wauguzi, na wauguzi tulikuwepo tele. Tulikosa karatasi tu. Na kwa upande mwingine, pale sokoni ungeweza kununua diplome ya daktari kabla chai yako haijapoa. Mashirika yaliogopa, na yalikuwa na haki ya kuogopa. Ndipo Mama Monitrisi na wenzake wawili, daktari mstaafu na mtawa mmoja, walipoanzisha Komisioni. Kazi yake ilikuwa moja: kumpima muuguzi aliyepoteza karatasi, na akifaulu kumpa cheti kipya.

Zamu yangu ilipofika nilimkuta amesimama nyuma ya meza yenye chungwa, sindano na beseni la maji.

"Mama, mimi nilisoma miaka mine," nilianza. "Nilifanya wodi ya watoto, nilifanya—"

"Usiniambie. Nionyeshe."

Nikashika sindano. Akanizuia.

"Umenawa mikono?"

"Ndiyo, Mama. Nilinawa pale inje mbele ya kuingia."

"Nani alikuona?"

"Hakuna mutu."

"Basi haukunawa."

Nilinawa tena, mbele yake, kwa hasira. Alinipima saa nzima. Nilidunga chungwa, nikahesabu matone ya dripu kwa saa ya mkononi, nikamzalisha mwanasesere wa matambara aliyekuwa ametanguliza miguu. Mwisho alisema nimefaulu, kisha akaniuliza kama najua kuandika kwa mashine. Hivyo ndivyo nilivyokuwa sekretere wa Komisioni, mwenye kutunza daftari, funguo za kabati na muhuri, ile kashe ya mpira yenye mpini wa mbao.

Nilidhani ukali ule ulikuwa tabia yake tu. Baadaye nilijua ulikuwa pia na historia, na historia hiyo aliipenda kuliko hadithi yoyote ya Biblia. Ilikuwa historia ya Baraza.

Sisi tuliwapima wauguzi, lakini nani alitupima sisi? Swali hilo mashirika yalituuliza mapema. Jibu lilikuwa Baraza la mbali, lenye ofisi Ulaya, ambalo kazi yake haikuwa kupima wauguzi wala mafundi bali kupima wale wanaopima. Likiridhika nawe linakupa ithibati, au akreditasyo kama tulivyosema ofisini, na cheti chako kinaanza kuaminiwa na watu ambao hawajawahi kukuona. Mama Monitrisi aliandika barua nyingi hadi likatusikia. Na kila kundi jipya la wapimaji wasaidizi aliliketisha chini na kulisimulia lilivyoanza, yeye mwenyewe akizunguka chumba.

"Kulikuwa inchi moja," angesema, "vyeti vilikuwa vinauzishwa kama mikate. Kila nyumba ya pili iko na kashe. Wapimaji wa kweli wakaona aibu, juu mutu hakuweza kujua nani wa kweli. Wakakutana, watu kidogo tu, kwa chumba cha kukodi. Mumoja akasema: tufunguliane kabati. Wewe uje kwangu, ufungue kila kitu, mimi niende kwako. Na munajua nani alianguka wa kwanza? Ni yeye mwenye alisema tufunguliane kabati! Walipata makaratasi yake hayako sawa. Wakamunyima."

"Na akakasirika?" ilikuwa lazima mmoja aulize.

"Alirudi mwaka uliofuata. Akapita."

Baada ya hapo alieleza jinsi wa nchi ya pili walivyoingia, kisha wa tatu, na mabishano yao: kama mpimaji wa nchi maskini apimwe kwa kanuni ileile, kama mkutano ufanyike kwa lugha moja au mbili, nani asafiri kwa nani. Wapo waliojitoa wakanuna, wakarudi. Ofisi ilihama mji mara mbili. Barua zake kwetu zilikuwa na vichwa vitatu tofauti, kwa kuwa Baraza lilikuwa limebadilisha jina mara mbili, na yeye alizipanga zote kwa mpangilio, kama mtu anavyopanga picha za mtoto anayekua.

"Ata wao wanahamahama," alisema siku moja akizifunga kwa uzi. Alifurahi alipolisema hilo.

Mgeni wa Baraza alikuja mara moja tu wakati ule, bwana mrefu mwenye sauti ya chini, siku ambazo barabara ilikuwa shwari. Alikaa siku tatu. Alifungua kila kabati. Alituuliza jambo ambalo hatukulitegemea: aliyeshindwa mtihani analalamika wapi? Mama Monitrisi alimwambia kwa fahari kwamba hatujawahi kupata lalamiko hata moja. Yule bwana akaandika kitu, akasema kwamba mahali pasipokuwa na malalamiko, mara nyingi hakuna sikio. Kesho yake tulikuwa na daftari la malalamiko, fomu zake, na kanuni: lalamiko lolote dhidi ya mkuu wa Komisioni halijadiliwi Goma, linapelekwa moja kwa moja kwa Baraza.

Tukapata ithibati. Mama yangu alipika kuku.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Aliwanawisha watu mikono hadi ngozi ikakunjamana, na yeye mwenyewe alikula mahindi ya kuchoma barabarani kwa vidole vilivyotoka kushika noti za sokoni. Kwenye karata aliiba. Aliiba waziwazi, akificha karata chini ya paja, na ukimkamata alicheka hadi akakohoa na kusema, "Hapa hakuna kashe, tucheze!" Alichelewesha kila mtu kwa maelezo, halafu akamfukuza aliyechelewa dakika tano. Mtawa wa Komisioni aliniambia siku moja kwamba mama huyu hawezi kulala nyumba moja mwezi mzima bila kuhamisha kitanda kutoka ukuta huu hadi ule. Nilipomuuliza mwenyewe, alisema mahali risasi ilipoingia safari iliyopita si mahali itakapoingia safari ijayo.

Ila katika mambo ya cheti sikuwahi kumwona akipinda. Wakuu walituma vijana wao na bahasha, wakarudi nazo. Shemeji yake mwenyewe alikuja kupimwa, akamkabidhi kwa daktari mstaafu na kutoka nje hadi mtihani ulipokwisha. Kwa hiyo nikisimulia kilichofuata, ninajua ninachokisimulia.

Ofisi yetu Ndosho ilikuwa chumba cha mbao. Upande wa pili wa ukuta alifanya kazi fundi wa cherehani, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, mpole, mwenye utani. Ndiye aliyetushonea makoti meupe. Kwa kuwa mbao zile zilipitisha kila sauti, kwa miaka mingi alisikia mitihani yetu yote. Wakati mwingine mtahiniwa alipokwama tulisikia cherehani ikisimama, na sauti ya fundi ikinong'ona jibu. Mama Monitrisi aligonga ukuta kwa kiatu. "Fundi! Shona!" Watu walicheka. Ilikuwa miaka ambayo kicheko kidogo kilitutosha.

Kisha mji ulibadilisha watawala tena. Wapiganaji wapya walipoingia, walikuja na orodha, na jina la fundi, au tuseme kabila la jina lake, lilikuwemo. Mke wake na watoto walikuwa wamevuka mpaka siku mbili kabla. Yeye alibaki nyuma ili aikoe mashine yake. Ilikuwa kama saa nne asubuhi alipoingia ofisini kwetu kwa mlango wa nyuma, bila kubisha hodi, akakaa sakafuni chini ya dirisha.

"Mama," alisema, "wananitafuta. Walisha kufika kwa jirani."

Barabarani mbele yetu palikuwa na gari la wauguzi likijazwa mafuta. Lilikuwa linakwenda Vitshumbi, kule kijiji cha wavuvi kwenye ziwa la kaskazini, kupeleka dawa. Kwenye barieri zote, vile vizuizi vya wapiganaji barabarani, muuguzi alipita. Kila upande ulikuwa na majeruhi wake, na hakuna aliyetaka kumuua mtu ambaye kesho angemfunga kidonda.

Mama Monitrisi alitazama gari, akamtazama fundi. Alizunguka meza mara moja, mara mbili. Kisha akafungua droo, akatoa cheti kitupu na kuandika jina la fundi juu yake kwa mwandiko wake ule uliosimama wima. Muuguzi. Amepimwa. Amefaulu. Akatia saini na kunisogezea.

"Gonga."

Nilikuwa na muhuri mkononi. Nilimtazama.

"Mama, huyu hajapimwa."

"Najua."

"Mama..."

"Gonga, mwanangu. Gari inaenda."

Niligonga. Nakumbuka niligonga kwa nguvu kuliko kawaida, wino ukatapakaa pembeni. Fundi alivaa koti moja alilokuwa amelishona mwenyewe wiki ile. Mama Monitrisi alimshika kola.

"Ukifika Vitshumbi, iyi karatasi uichome. Umesikia? Usiionyeshe mutu. Uichome."

"Nitaichoma, Mama. Mungu ni mushahidi."

Akapanda gari. Baadaye tulisikia kwamba walipita barieri nne. Nusu saa baada ya gari kuondoka, wapiganaji waliingia chumba chake wakakata vitambaa vya watu kwa visu na kuondoka na mashine.

Hatukuzungumza juu ya jambo lile. Niliweka muhuri kabatini na kufunga. Niliona tumefanya vizuri, na leo bado nashindwa kusema tulifanya vibaya.

Mvua za msimu mmoja zilipita, na za msimu wa pili zilikuwa zinakaribia kwisha, fundi aliporudi. Sikumtambua upesi. Alisimama mlangoni bila kuingia, mifupa ya mashavu imetokeza.

"Mama Monitrisi," alisema, "nimeua mutoto wa mutu."

Mama Monitrisi alimwingiza, akamkalisha kwenye kiti cha watahiniwa, na fundi akaeleza. Karatasi hakuichoma. Aliogopa njia ya kurudi, aliogopa barieri, akaishona ndani ya koti. Muuguzi wa Vitshumbi alikuwa amekimbia na hakuna aliyekuwepo. Siku moja mtu aliyesafiri naye kwenye lile gari alimwambia chifu kwamba huyu naye ni muganga, ana cheti cha Goma. Walikuja kumwomba. Alikataa. Wakaja tena, na akawaonyesha jinsi ya kuosha kidonda, maana hilo alilijua, na kidonda kikapona. Wakaja wengi zaidi. Alitibu vidonda, alitoa vidonge. Watu walimletea samaki. Halafu mama mmoja alimletea msichana mwenye malaria, mtoto amepata degedege, macho yamegeuka.

"Nilisema sijui," fundi alisema. "Yule mama akasema, 'Karatasi yako inasema unajua.' Na Mama, nilikuwa nimesikia. Kwa ukuta. Kinini ya malaria, na kipimo, na kila kitu. Nilikumbuka maneno yote."

"Uliipitisha wapi?" aliuliza Mama Monitrisi.

"Kwa mushipa."

"Haraka ao polepole?"

"Haraka, Mama. Mutoto alikuwa anakufa. Nilifanya haraka."

Mama Monitrisi alifumba macho. Dawa ile mshipani huingia polepole, matone kwa matone, kwa saa nyingi. Ukiisukuma yote pamoja, moyo unasimama. Hilo hakuna aliyewahi kulisema kwa sauti chumbani kwetu, hata fundi alisikie, kwa kuwa tulikuwa tunalipima kwa mikono, tukitazama saa.

Fundi alilia kama mtu anayetapika. Kesho yake aliondoka kuwafuata mke na watoto ng'ambo ya mpaka, na sikusikia habari zake tena.

Siku ya tatu Mama Monitrisi alifika ofisini mapema kuliko mimi. Kwa mara ya kwanza nilimkuta ameketi, upande ule wa meza wanakoketi watahiniwa.

"Toa daftari ya malalamiko," alisema. "Na fomu."

Nikatoa.

"Andika. Mulalamikaji."

"Nani?"

"Mimi."

"Anamulalamikia nani?"

"Mimi."

Niliweka kalamu chini. Nilimwambia anajua kanuni: lalamiko juu ya mkuu linakwenda kwa Baraza. Nilimwambia Baraza litatunyang'anya ithibati, na kwamba kila muuguzi mwenye karatasi yetu atapoteza kazi, na watoto wao shule, na mimi pia, na mama yangu. Nilipaza sauti. Nilimwambia mtoto amekwisha kufa na hakuna fomu itakayomwamsha.

Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Uko na haki," alisema. "Lakini sikiliza. Ile karatasi na ya kwako ziko sawasawa. Saini ni moja, kashe ni moja. Yule mama kule Vitshumbi aliangalia karatasi yetu, akaiamini. Mutu wa inje atajuaje gani ni ya kweli? Sasa zote ni za uongo, mpaka mutu mwingine aje azifungue moja moja. Andika."

Niliandika. Kila alilosema nililiandika, la fundi, la gari, la kinini. Chini ya fomu palikuwa na mstari mmoja: *Nani mwingine alihusika?*

Nilisubiri, kalamu juu ya karatasi.

"Hakuna," alisema.

Nilimtazama. Alikuwa anatazama dirishani. Ningeweza kusema kitu. Nilikuwa na mama nyumbani, na jina zuri, na umri wa kuanza upya. Niliandika *Hakuna*, kwa mkono wangu, na nikagonga muhuri chini yake.

Jibu la Baraza lilichukua miezi. Barua ilikuwa na adabu. Ithibati ilikuwa imeondolewa. Wote waliopata cheti chetu wangeweza kupimwa upya na wapimaji wengine wasiotujua. Wauguzi walijaa uani kwetu siku habari zilipofika. Mmoja, mama wa watoto sita ambaye Mama Monitrisi mwenyewe alimfundisha, alisimama mbele ya uso wake.

"Uliokoa mutu mumoja na uongo," alisema, "na sasa unatuua sisi wote na ukweli. Ungechagua moja!"

"Uko na haki," Mama Monitrisi alijibu, na lilikuwa jibu lake kwa kila mtu siku ile. Liliwaudhi kuliko kama angebishana.

Tulipimwa upya, baada ya muda mrefu na vita vingine katikati. Wengi wetu tulifaulu. Wachache hawakufaulu, na kwa mmoja wao, nikiwa mkweli, nilishukuru kwamba aligunduliwa. Lakini kazi zilikuwa zimekwenda kwa wengine. Mtawa alirudi nyumba yake ya kitawa, daktari alifariki. Lile Baraza nalo liliungana na jingine kubwa zaidi, na jina lake la zamani likabaki kwenye barua zetu tu. Mimi niliuza nguo za mitumba miaka mitatu kabla sijashika tena sindano.

Nilimchukia. Nilipomwona njiani nilivuka upande wa pili. Niliwaambia watu kwamba alijali mikono yake iwe safi kuliko tumbo la mtu. Watu walikubali, na kila walipokubali nilijisikia vibaya zaidi, nikasema tena kwa nguvu zaidi. Kisha akatoweka mjini. Walisema amekwenda upande wa ziwa. Nilidhani ameikimbia aibu, nikasema na hilo pia.

Miaka ikapita mingi. Vita vikabadilisha majina. Safari hii ya mwisho, watu wa Rutshuru na wa kando ya ziwa waliposhuka na kujaa tena Mugunga, nilikuwa nafanya kazi katika zahanati ya turubai pale kambini. Mchana mmoja tulipita kibanda kwa kibanda kutafuta watoto wenye kuhara. Nikasikia sauti.

"Maji ya kunawa iko wapi? Nani amemuona huyu akinawa?"

Alikuwa amepungua hadi akabaki macho na sauti. Alikuwa anamgombeza mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Aligeuka, akanitazama muda.

"Sekretere," alisema. "Umenenepa."

"Ndiyo, Mama."

"Ni muzuri." Akanishika mkono, akaugeuza, akatazama kucha zangu kama zamani, akaridhika. "Ngoja hapa," alisema. "Kuna watu kule wanachimba choo karibu na maji. Nitarudi." Akaondoka kwa mwendo ule ule, akiyumba kidogo, mkono ukitafuta turubai za kushikilia.

Kwenye mlango wa kibanda alichokuwa anaishi aliketi mwanamke wa umri wangu hivi, akichambua maharagwe kwenye ungo. Nilimsalimia. Nikamuuliza kama yeye ni binti wa Mama Monitrisi.

"Hapana," alisema. "Mimi ni wa Vitshumbi. Yeye ni mutu wa mutoto wangu."

Sikuelewa, kisha nikaelewa: huyu alikuwa mama wa yule msichana wa malaria. Aliniambia bila kuacha kuchambua. Mama mzee asiyemjua alikuja uani kwake siku moja, sehemu ya njia amekuja kwa miguu, akasimama na kusema: ile karatasi ya yule muganga niliandika mimi, na nilijua yeye si muganga. Nimekuja ili ujue ni nani.

"Nilikuwa naosha samaki," mwanamke alisema. "Nilimumwangia yale maji yote. Hakutoka. Kesho akakuya tena. Nikamuuliza, unataka nini kwangu? Akasema, hakuna. Akapanga chumba pale kijijini. Akaanza kufundisha wale wasichana wa zahanati, siku zote, mpaka walimuchoka. Vita ilipokuya alikuwa hawezi kukimbia mbio. Nikamushika mukono. Basi, tuko hapa."

"Kwa hiyo ulimusamehe," nilisema.

Aliinua kichwa.

"Hapana. Sikumusamehe." Akatupa jiwe dogo kutoka kwenye maharagwe. "Lakini ni yeye peke mwenye alikuya. Yule mwanaume alikimbia. Serikali haikukuya. Wale wakubwa wenu wa Ulaya waliandika barua kwa Goma, si kwangu. Ni yeye peke."

Nilisikia sauti ya Mama Monitrisi kutoka upande wa vyoo, akiwagombeza wachimbaji. Angerudi baada ya muda mfupi. Akirudi ningeweza kumsalimia vizuri, kumpima presha, kumwachia sabuni, na kwenda zangu, na hakuna ambaye angejua.

"Mama," nilisema, "ile karatasi ilikuwa na kashe. Kashe ile niligonga mimi. Nilijua, na mimi."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Hapakuwa na maji ya samaki ya kunimwagia, na niliyatamani.

"Ulisha kuuliza jina yake?" alisema mwishowe. "Jina ya mutoto?"

"Hapana."

"Miaka yote hii?"

"Hapana, Mama. Sikuuliza."

Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja.

"Kahindo," alisema. "Alizaliwa kwa wavuvi, na alikuwa anaogopa samaki."